Karo Nne za Nyumba ya Wageni

Na kapita wa wanafunzi, finalisti



Wengi wenu munanijua kama mutu wa kuandika majina. Kila asubuhi nasimama mlangoni na kaye yangu. Anayechelewa, namwandika. Anayekuja na shati chafu, namwandika. Leo sitaandika jina la mutu hata mmoja. Naandika juu ya karo za nyumba ya wageni, ile ya nyuma ya kapela, na juu ya namna ya kuziosha. Najua kuna watakaocheka: finalisti mzima, mtihani wa Serikali uko karibu, yeye anaandika juu ya kusugua nyumba! Lakini soma mpaka mwisho, kisha cheka kama ungali unataka.

Ile nyumba ni ya wakati wa Wabeleji. Munaijua: paa la mabati, dari iko juu sana, barza mbele, madirisha marefu. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika hapa, ukaitwa Élisabethville mpaka 1966. Nyumba za namna hii zingali nyingi katika komini ya Lubumbashi, ingawa kila mwaka tunaona nyingine ikivunjwa. Na zisipovunjwa, wenyewe wanafunika karo za zamani na karo mpya zinazong'aa kama kioo. Mjomba wangu anafanya kazi hiyo ya kubandika karo. Yeye anasema karo za zamani ni kitanda kizuri cha kulalishia zile mpya. Simlaumu, kazi hiyo njo inatulisha, lakini sasa akisema vile mimi nanyamaza.

Katika sebule na kolwari ya nyumba ya wageni kuna karo za maua. Karo moja peke yake haina ua kamili, ina robo tu. Ukiunganisha nne, njo ua linatokea: majani manane mekundu, katikati ya manjano, na ukingo mweusi. Mpaka mwezi wa tatu mwaka huu hakuna aliyekuwa analiona vizuri. Sira ya miaka mingi, vumbi letu jekundu la kiangazi na matope ya masika vilikuwa vimeshikana vyote pamoja, chini kukawa na rangi ya chungu kilichoungua.

Basi mwezi ule wa tatu tuliambiwa kwamba wageni wanakuja. Jumamosi nikapanga salongo. Wakubwa nje, kukata majani. Watoto wa darasa la saba, ndani, kusugua. Kolwari nilimpa mtoto mmoja mdogo sana, na ndoo ya maji ya javel na brosi. Sebule nilijiwekea mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na siri yangu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepita kwa masoni mmoja anayejenga karibu, nikamuuliza kitu gani kinatoa uchafu wa zamani. Aliniuzia nusu chupa ya asidi ya chumvi, ile wamasoni wanaita espri-de-seli. Akasema, "Hii, yaya, inatoa yote."

Alisema kweli. Ilitoa yote.

Nilimwaga kidogo katikati ya sebule. Chini kukaanza kulia shwaa, povu jeupe likapanda kama maziwa yanayochemka, na mimi nikafurahi! Nikasema moyoni, uchafu unatoka. Nikaongeza. Sikuangalia kwamba maji ya javel ya yule mtoto yalikuwa yanateremka kutoka kolwari, polepole, kuja kukutana na yangu.

Zilipokutana, ikatoka harufu ambayo sitaisahau. Ni kama harufu ya javel, lakini inaingia ndani ya kifua na kushika. Macho yakajaa machozi. Nilisikia yule mtoto anakohoa, nikasikia brosi inaanguka, kisha miguu yake inakimbia kwenda nje. Mimi nilitokea mlango mwingine. Nilisimama chini ya muembe nikiinama kama muzee, nikitafuta pumzi.

Baadaye tu niliuliza mwalimu wetu wa kemia (nilimuuliza kama jambo la kitabu, sikumwambia sababu). Alinieleza kwamba javel na asidi zikichanganyika zinatoa gesi ya klori. Ni gesi hiyo hiyo Wajeremani waliyoitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa nne mwaka 1915, na watu wakafa nayo katika mahandaki. Ndugu zangu, hapa nawasihi kweli kweli, na mama zenu nyumbani muwaambie: javel usiichanganye na asidi, wala na siki, wala na dawa nyingine ya kuoshea choo. Kamwe. Kama madirisha yale marefu yangekuwa yamefungwa siku ile, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Tulipoweza kuingia tena, niliona kazi ya mikono yangu. Pale nilipomwaga, ua lilikuwa limekwisha. Karo nne, zote nne za ua moja, zilikuwa nyeupe-nyeupe kama unga wa muhogo, na ukizigusa zinakwaruza vidole kama mchanga.

Kisha Bwana Direkta wa nidhamu aliingia. Aliona karo. Aliona ndoo ya javel, brosi imetupwa, na mtoto hayupo. Akauliza, "Nani alikuwa anafanya kazi hapa?"

Chupa yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali. Nikajibu, "Ni yule wa darasa la saba. Alikuwa na javel, kisha akakimbia."

Mnaona? Alikuwa na javel, ndiyo. Alikimbia, ndiyo. Sikusema neno moja ambalo si kweli. Bwana Direkta akaniambia niandike jina lake, nikafungua kaye, nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri ule munaoujua. Adhabu: Jumamosi nne za kukata majani, na mzazi aitwe. Mama yake alikuja siku ya Jumanne. Anauza mboga sokoni, na siku ile hakuuza. Mimi njo nilimfungulia mlango. Akaniambia, "Aksanti, mwana."

Yule mtoto mwenyewe hakusema kitu. Sijui alikuwa amenyamaza kwa sababu hakuelewa, ama kwa sababu alielewa sana.

Siku ya Mungu iliyofuata nilikwenda Kamalondo kumwona kambo wangu. Nataka kusema ukweli wote: sikwenda kwa sababu ya toba. Nilikwenda kwa sababu Bwana Prefe alitaka karo zitengenezwe, na kambo alikuwa boyi wa nyumbani kwa wazungu. Alianza mwaka 1957, akiwa na miaka 15. Wakati ule Kamalondo ilikuwa Cité Albert, mtaa wa watu weusi, na kati yake na mji wa wazungu waliacha ardhi tupu. Kila asubuhi kabla ya jua alivuka kwa miguu kwenda kupiga sira karo za watu.

(Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu katika Kiswahili chetu hiki cha hapa, kwa niaba ya chama cha maboyi wa zamani. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Nilipomwambia kambo, alicheka tu, akasema: "Sisi njo tulijua ile mji, juu ya kuiosha.")

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Ulitia nini?"

"Espri-de-seli, kambo."

"Aah! Unaona, uliikulisha. Ile karo haipitake mu moto. Kuko karo ya udongo, balipika, ile iko nguvu. Lakini hii yako ni simenti. Banatia rangi mu forma, banatia simenti juu, banakandamiza na presi, kisha banaacha ikauke mwenyewe. Asidi inakulaka simenti. Hata citron inakulaka. Hata vinegre."

Niliporudi shule nilihakikisha. Katika kona ya kolwari kuna karo moja iliyong'oka. Niliigeuza: nyuma ni simenti ya kijivu, yenye chembe kubwa. Nikapima na rula: sentimeta 20 kwa 20, unene karibu sentimeta 2. Ukiitazama ukingoni unaona rangi si ya juu juu kama rangi ya ukuta. Imeingia ndani milimeta 4 hivi. Karo hizi zilianza kutengenezwa kusini mwa Ufaransa katikati ya karne ya 19, pale simenti mpya ilipopatikana, kisha zikaenda Ubelgiji na katika makoloni. Ile nyekundu yake ni kutu ya chuma, kitu kile kile kinachofanya udongo wetu wa Katanga kuwa mwekundu.

Kambo alinifundisha na namna ya kujua karo unayo ya aina gani, na ni rahisi. Mwaga tone moja la maji pahali safi. Likikaa juu, ni karo iliyochomwa, ama ingali na sira. Likinyweka na kuacha doa la giza, ni simenti, ina kiu. Usijaribu na asidi kama mimi.

Kisha akaniambia habari ambayo sikuiomba. Mwaka 1958, mgeni wa madame wake aliangusha glasi ya maji ya citron sebuleni usiku. Hakuna aliyepangusa. Asubuhi palikuwa na duara jeupe juu ya karo nyeusi. Madame alisema ni boyi, ametia dawa mbaya. Wakakata mshahara wake. Kambo alisema, "Mugeni alikuwa pale pale, anakunywa kahawa. Alisikia. Alinyamaza tu. Mupaka leo, ukinipeleka mu ile nyumba, minaweza kukuonyesha ile karo iko wapi."

Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Na weye, nani alikuwa anakuletea mayi?"

Sikuwa nimemwambia neno juu ya yule mtoto. Nilitazama chini. Kule kwake chini ni pavema ya simenti tu, nyekundu, imepigwa sira vizuri sana.

Jumatatu saa moja nilikuwa mbele ya ofisi ya Bwana Prefe. Sitasimulia yote yaliyosemwa humo. Nilivuliwa ukapita majuma mawili, na munakumbuka, wengine walitunga hata wimbo. Adhabu ya mtoto ilifutwa, ingawa Jumamosi mbili alikuwa amekwisha kuzifanya, na hizo nani anaweza kumrudishia? Mimi nilifanya zile mbili zilizobaki, na mbili zaidi. Mama yake nilimfuata sokoni. Alinitazama muda mrefu, akasema kwamba siku ile mboga zake zilioza. Ndivyo tu. Nilitaka anitukane, hakunitukana.

Lakini karo zilibaki vile vile, na kambo alikataa tuziguse katika mvua. Hapa kuna jambo kubwa, wenye nyumba za zamani wasikie. Nyumba zile hazina nailoni chini ya sakafu kama zinavyojengwa sasa. Katika masika unyevu wa udongo unapanda, unapita ndani ya karo na kutoka juu, na ukikauka unaacha chumvi nyeupe kama unga. Watu wanaona ule unga wanafikiri karo ni chafu, wanapaka verni ing'ae. Verni inafunga mlango. Maji yanakosa njia, yanasukuma, na baada ya masika moja ama mbili verni inavimba na kubanduka kama ngozi ya kidonda. Hivyo tulingoja mwezi wa tano, mvua ilipokwisha. Hata vile, kabla ya kuanza, kambo alituagiza tubandike kipande cha nailoni juu ya karo, tukifunge na skochi pande zote nne, tukiache usiku mmoja. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na matone chini yake. Tukangoja tena siku kumi. Mara ya pili palikuwa pakavu.

Nasema "tuli-", kwa sababu yule mtoto alikuja kufanya kazi pamoja nami. Sikumwita. Alikuja na brosi yake, akaanza kufagia.

Kufagia njo kwanza, na kufagia vizuri, maana mchanga ukisuguliwa chini unakata karo. Sira ya zamani tuliilainisha na terebantini kidogo juu ya kitambaa, madirisha wazi, tukaikwangua na kipande cha mbao, si kisu. Kisha sabuni ya kipande, ile ya kawaida ya kufulia, tuliikata-kata ndani ya maji ya moto. Brosi laini. Si brosi ya waya! Tulifanya metre moja kwa moja, tukapangusa na torsho, tukabadilisha maji kila mara, bila kugharikisha chini. Ni kazi ya magoti. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi kama kahawa. Ya tano ilitoka nyekundu kidogo. Ya tisa, mtoto akasema, "Yaya, angalia," na pale mbele ya magoti yake kulikuwa na ua zima, jekundu na manjano, kama limewekwa jana.

Zile karo nne zangu tulizifanya mwisho. Kambo alikuja mwenyewe siku ile, tulimleta na taksi. Aliweka kiganja juu yake, akasema asidi imekula juu tu, chini rangi ingaliko. Tulizisugua na papie-vere ya maji, ile nyembamba sana, namba 400, pamoja na maji safi, polepole, kwa kuzungusha mkono. Saa mbili nzima. Kwanza hakuna kitu. Halafu ukingo mweusi ukarudi, kisha wekundu, dhaifu, kama picha inayotoka ndani ya ukungu.

Baada ya kukauka siku nyingi tulizinywesha mafuta. Kambo alisema, "Mutafute mafuta ya lini." Nikamjibu, kambo, ya leo ama ya jana? Waliofuata somo la Kiswahili sanifu wataelewa kwa nini mtoto wa darasa la saba alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni mafuta ya mbegu za mmea wa lini, yale wapakaji rangi wanayoyajua. Safari ya kwanza unachanganya nusu mafuta na nusu terebantini, unapaka na kitambaa, kidogo kabisa. Unangoja kama dakika 20, kisha unapangusa yote ambayo karo haikuyanywa. Usipopangusa, yanabaki yakinata na kuvuta vumbi. Unaacha siku mbili, tatu, unarudia. Mafuta hayafungi mlango kama verni. Yanaingia ndani, karo inashiba, lakini unyevu ungali unapata kupita. Rangi zinakuwa za giza kidogo, hilo ujue mapema. Mwisho sira isiyo na rangi, nyembamba, na kitambaa cha sufu mpaka mkono uchoke. Kwa kuosha kila siku, torsho iliyokamuliwa na sabuni kidogo inatosha.

Na vitambaa vya mafuta! Usivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta ya lini yakikauka yanatoa joto, na vitambaa vilivyokunjwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti. Sisi tulivitandaza nje juu ya kamba mpaka vikawa vigumu. Mtu mmoja wa darasa la tano aliuliza kama tunakausha samaki.

Sasa ua lile la katikati limerudi. Mgeni akiingia hataona tofauti. Lakini ukipita na miguu wazi utaisikia: karo zile nne ziko chini kidogo kuliko nyingine, kama kisahani. Tuliondoa kitu, hakirudi. Jana yule mtoto alimwaga tone la maji pale kujaribu. Lilisimama, duara kabisa, likitetemeka. Akaliangalia, akalipangusa na mkono wa shati, akaenda kwenye somo lake la hesabu. Alikuwa amechelewa dakika tatu, na mimi nilikuwa na kaye.

Kolwari ya nyuma, karibu na jiko, haijafanywa. Sisi wafinalisti tunaondoka mwezi ujao. Nusu chupa ya terebantini, mafuta na papie-vere vimebaki ndani ya kabati ya sebule, na ufunguo uko kwa Bwana Entandanti. Wakati mzuri ni sasa mpaka mwezi wa tisa. Muanzie upande wa dirisha.